Mwongozo kamili: kupata kipindi redio ya mtaani na kukifanya kiwe cha watu

Wanaoniuliza mambo ya utangazaji wanakwama sehemu mbili tu. Kuna aliyetuma demo, yani rekodi fupi ya kuonyesha anavyotangaza, stesheni kadhaa na hajajibiwa hata "tumepokea". Afu kuna aliyepata kipindi tayari, anaongea wiki nzima, simu haiiti, na ikiita ni yule yule mpigaji wa kila siku. Wote wawili wanadhani shida ni sauti.

Sio sauti bana. Redio ndogo inakuhitaji kwa sababu unawajua watu wanaoishi ndani ya masafa yake, sa kama hujui maji yanakatika mtaa upi na siku gani, hiyo sauti nzito ya kutetemesha spika itakusaidia nini? Ndo maana nusu ya hatua hapa chini ziko nje ya studio. Fuata kwa mpangilio, usirukie ya tano kisa inaonekana tamu.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Simu au kompyuta ya kurekodia. Simu nzuri inatosha kwa kuanzia.
- Maiki ya dainamiki, yani zile za kushika mkononi kama za jukwaani. Za kondensa ni nzuri ila zinanasa kila kitu, feni, jirani, mbwa, na chumba chako sio studio.
- Hedifoni za kufunika sikio lote, ili sauti isivuje ikarudi kwenye maiki.
- Programu ya kuhariri. Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.
- Saa yenye mshale wa sekunde au inayoonyesha sekunde.
- Daftari gumu la kurasa nyingi. Hili usilidharau, hatua ya sita yote inaishi humo.

## Hatua ya 1: Isikilize stesheni kama vile umeajiriwa kuikagua

Chagua stesheni moja tu. Kaa nayo saa nzima asubuhi, saa nzima mchana, saa nzima jioni, siku tofauti, na uandike kila kinachopita pamoja na dakika yake: taarifa ya habari, matangazo ya biashara, muziki, maongezi, simu. Inachosha najua, ila ukimaliza utaona stesheni ina umbo, na utaona mapengo.

Pengo ninalotaka ulitafute ni la watu. Nani hajasikika hata mara moja? Wazee? Mafundi? Wauguzi wa zamu ya usiku? Watu wenye ulemavu? Wapangaji? Meneja wa vipindi anapokea maombi ya "nataka kipindi cha burudani" kila siku na kipindi cha burudani anacho, tena vitatu. Anayekuja na kundi la wasikilizaji ambalo stesheni haijalifikia anasikilizwa kwa sababu kundi hilo linavuta na wadhamini.

Umefanikiwa ukiweza kueleza wazo lako kwa sentensi moja, mfano: "Kila Jumamosi asubuhi, saa moja, wapangaji na wenye nyumba wanaulizana mambo ya mikataba, na kila wiki anakuwepo mtu mmoja anayeijua sheria." Ikihitaji sentensi nne bado haijaiva.

## Hatua ya 2: Demo ya dakika mbili, tatu ikizidi sana

Demo nyingi zinafia mwanzoni kabisa. Muziki wa kuingia sekunde thelathini, afu mwangwi, afu "haloo haloo wasikilizaji popote pale mlipo duniani". Meneja kashafunga.

Weka vitu vitatu: maongezi mafupi ya kuingia kwenye mada, habari moja ya eneo uliyoiandika mwenyewe, na kipande cha mahojiano ambapo mtu mwingine anaongea zaidi yako. Hicho cha mwisho wengi hawaweki, wakati ndo kinachoonyesha unajua kusikiliza.

Angalia tofauti. Hii ni ya kutupa: "Maji ni uhai ndugu msikilizaji, na leo tunaangazia changamoto ya maji katika jamii yetu." Hii inabaki: "Kama unakaa upande wa juu wa shule, bomba lako linatoa maji saa tisa usiku na kufika kumi na moja yameshakatika. Leo nipo na anayefungua hiyo koki." Ya pili ina mtu, saa na mahali, na ina sababu ya mtu kubaki.

Upande wa ufundi:

1. Rekodi kwenye chumba chenye nguo, godoro na mapazia mazito. Kuta tupu zinarudisha sauti, na mwangwi hautoki hata ukiuhariri mpaka asubuhi.
2. Kaa umbali wa ngumi moja hadi moja na nusu kutoka kwenye maiki, na uielekeze pembeni kidogo ya mdomo badala ya kuikabili moja kwa moja. Hapo P na B hazitapiga kama mtu anapuliza.
3. Kwenye mita ya programu yako, sauti ya juu kabisa iishie karibu na -6 dB. Ikigusa sifuri inapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki, unarudia tu.
4. Hifadhi ya asili kwa WAV, 44.1 kHz bit 16, afu ya kutuma iwe MP3 ya 128 au 192 kbps ili ifunguke haraka kwenye simu ya meneja.
5. Lipe faili jina lako na neno demo. Ukituma "recording_final2" hata akikupenda hatakupata tena.

Onyo: usiige lafudhi ya mtangazaji maarufu. Stesheni inasikia mara moja, na wewe hutaweza kuibeba saa nzima laivu, dakika ya kumi itakuponyoka.

Umefanikiwa ukiona mtu asiyekujua kasikiliza mpaka mwisho bila kusukumwa, na anaweza kukuambia ilihusu nini.

## Hatua ya 3: Ingia kwa mlango wa nyuma

Wengi wanaofanya kazi redio za jamii walianza kwa kujitolea, na sio kwenye maiki. Nenda uombe kupokea simu za wasikilizaji, kupanga wageni, au kuandika habari za eneo. Ukiwa pale unajifunza mixa, ile mashine ya kuchanganya na kupandisha sauti, kwa macho, na siku mtangazaji akiumwa, aliye karibu ndo anayeingia.

Ila kabla hujaanza omba kitu kwa maandishi, hata meseji: unajitolea mpaka lini, nani anakufundisha nini, na nauli inalipwa na nani. Sio ujeuri. Kuna stesheni zinazoishi kwa mgongo wa watu wanaojitolea mwaka baada ya mwaka, na asiyeuliza mapema hana pa kushika baadaye.

## Hatua ya 4: Panga saa yako dakika kwa dakika

Kipindi kisicho na mpangilio kinaisha mgeni akiwa katikati ya jambo zuri na tangazo la mdhamini halijapigwa. Mfano wa saa moja, ubadilishe utakavyo:

- 00 hadi 05: taarifa ya habari
- 05 hadi 08: unaingia, unasema leo kuna nini na kwa nini mtu abaki
- 08 hadi 20: mgeni, sehemu ya kwanza
- 20 hadi 24: wimbo na matangazo
- 24 hadi 40: simu na meseji
- 40 hadi 44: wimbo na matangazo
- 44 hadi 54: mgeni anajibu yaliyoulizwa
- 54 hadi 58: majibu ya ahadi za wiki zilizopita (nitaeleza)
- 58 hadi 60: unafunga, unasema wiki ijayo

Kila dakika saba, nane hivi, rudia jina la mgeni na mada. Kwako itasikika kama kero, ila kuna mtu ndo kwanza kawasha redio, hajui nani anaongea, na asipojua anahama.

Usiandike skripti nzima neno kwa neno. Andika sentensi ya kwanza na ya mwisho za kila kipande kamili, katikati weka nukta fupi. Sentensi ya kwanza inakutoa kwenye woga, ya mwisho inakuzuia usizunguke zunguke ukitafuta pa kutokea.

Onyo: ukimya hewani. Mgeni kachelewa, laini imekata, kompyuta imeganda, yatatokea yote. Kaa na jingo moja, yani kile kipande kifupi cha kutambulisha stesheni au kipindi, na wimbo mrefu vimeseti tayari kabla hujafungua maiki, kila siku, hata siku unayojiamini.

## Hatua ya 5: Simu za wasikilizaji

Mtu wa nje ya studio apokee kwanza na aulize vitu vitatu: jina gani la kusema hewani, unapiga kutoka wapi, na unataka kusema nini. Afu amwambie azime redio yake au asogee mbali nayo. Asipofanya hivyo sauti yake inarudi kupitia spika ya redio, inaingia tena kwenye simu, na mnapata ule mlio wa kukera au mwangwi. Na anayesikiliza kwa intaneti yuko nyuma yenu kwa sekunde kadhaa, mara nyingine ishirini na zaidi, kwa hiyo anajisubiri mwenyewe aongee na mnabaki na "haloo? haloo?".

Stesheni ikiwa na kifaa cha kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache kabla hayajatoka hewani, jifunze kitufe chake kabla ya siku ya kwanza. Stesheni nyingi ndogo hazina, sa kinga yako ni mdomo wako. Tuseme imekuja simu hii:

"Mi nataka kusema kiongozi wetu ni mwizi, kala hela ya taa za..."

"Ngoja hapo ndugu yangu. Habari ya nani kala hela hatuna ushahidi wake hapa mezani, na yeye hayupo ajitetee. Niambie ulichoona kwa macho yako. Taa zimezima tangu lini?"

"Tangu... kabla shule hazijafunguliwa."

"Zimezima kuanzia wapi mpaka wapi?"

"Kona ya kwanza mpaka kituo cha afya. Zote."

"Hilo tunalichukua. Tutamuuliza anayehusika na Alhamisi tutakuambia kasema nini."

Umeona mtangazaji alichofanya? Hajamzima mpigaji wala hajamkaripia. Kamtoa kwenye tuhuma ambayo ingewapeleka mahakamani kwa kashfa, kampeleka kwenye jambo linaloweza kukaguliwa kwa mtu kwenda pale jioni na kuangalia juu. Na kaacha ahadi yenye siku. Mpigaji kaondoka ameridhika kuliko angemaliza kutukana.

Mambo ya kutopeleka hewani kabisa: jina au sauti ya mtoto aliyedhulumiwa, au maelezo yanayomtambulisha kama shule na mtaa, maelezo ya namna mtu alivyojiua, hali ya kiafya ya mtu bila idhini yake. Mpigaji akianza kuelekea huko mkatishe kwa upole, weka wimbo, ongea naye nje ya hewa na umuelekeze kwa wanaoweza kumsaidia.

Umefanikiwa ukisikia wapigaji wapya kila wiki, na wengine wakianza kujibizana wenyewe: "huyu aliyepiga kabla yangu..." Hapo kimeanza kuwa chao.

## Hatua ya 6: Daftari la ahadi

Hapa ndo vipindi vingi vinafia, na ndo hatua ninayotaka uisome mara mbili.

Watu hawapigi simu redio kwa sababu wanapenda kuongea. Wanapiga wakiamini kitu kitatokea. Wakipiga mara mbili bila kusikia chochote wanaacha, na wanawaambia wengine "pale ni maneno tu". Sa unaanza kulalamika wasikilizaji hawashiriki, kumbe walishashiriki wakachoka.

Fungua daftari, chora safu saba: tarehe, aliyelalamika na namba yake, kasema nini, nani anahusika, tumemuuliza lini, kajibu nini, tunarudi hewani lini. Ile simu ya taa inaingia siku hiyo hiyo. Kesho yake unapiga ofisi inayohusika, unaandika saa na uliyeongea naye. Hawajajibu? Unaandika "hawajajibu" na Alhamisi unasema hivyo hivyo hewani, bila kejeli: "Tumepiga mara mbili, tumetuma na barua, tunasubiri." Sentensi hiyo inasogeza mambo kuliko kelele, maana wanaohusika nao wana redio kwenye gari.

Wakijibu wape muda wa kutosha, hata kama jibu halikufurahishi. Ofisi ikijua kwako itasikilizwa mpaka mwisho itaanza kukupigia yenyewe kabla ya kukata maji, na hiyo taarifa tu inaweza kuwa sababu ya watu kufungua kipindi chako.

Usiahidi suluhisho. Ahidi kuuliza na kurudi. Wewe sio fundi umeme wala sio serikali, na anayejifanya anatatua kila kitu ataaibika wiki ya tatu.

Daftari lifungiwe, lina namba za watu na siri zao. Na siku ukihama stesheni usiondoke nalo kimya kimya. Kaa na anayekupokea, pitieni ahadi zilizo wazi moja moja, na mmtangaze hewani kuwa yeye ndo anazibeba sasa.

### Michango na matangazo ya dharura

Mtu kaja analia, mgonjwa anahitaji hela ya matibabu, na we una moyo unataka kusaidia sasa hivi. Tulia kidogo. Thibitisha na hospitali, kwa idhini ya familia. Hela isipite kwenye simu yako hata mara moja, hata kwa dakika tano, iende kwenye akaunti ya familia au ya hospitali, na kuwe na watu wawili wasio wa stesheni wanaoiona. Tangaza hewani kiasi kilichofika, na siku kikitosha tangaza kwamba kimetosha na kufunga. Watangazaji wazuri wameharibikiwa jina kwa hela ambazo hata hawakula, walishindwa tu kuonyesha zilienda wapi.

Mtoto aliyepotea: hakikisha taarifa imefika polisi kwanza na kwamba anayeuliza ana haki ya kumtafuta, maana wapo wanaomtafuta mtu aliyewakimbia. Akipatikana tangaza amepatikana, kwa uzito ule ule. Damu: ongea na kitengo cha damu chenyewe, sema kundi gani, wapi, mpaka saa ngapi, la sivyo watu watajazana siku mbili baadaye hitaji likiwa limeshaisha.

## Hatua ya 7: Toa kipindi nje

Mara moja kwa mwezi inatosha. Nenda sokoni, uwanjani, shuleni, kituo cha afya. Ukitafuta siku rahisi ya kuanzia, Februari 13 ni Siku ya Redio Duniani, UNESCO iliitangaza mwaka 2011, na meneja anayekataa matangazo ya nje siku zote huwa analegea siku hiyo.

Vya kubeba: simu mbili zenye laini za mitandao tofauti, pawabenki iliyojaa, maiki ya mkononi yenye sponji ya kuzuia upepo, nyaya za akiba, na mtu wa kusimamia foleni ya wanaotaka kuongea. Nenda siku moja kabla, saa ile ile ya kipindi, upige simu studio kutoka pale pale utakaposimama. Mtandao wa saa nne asubuhi sio wa saa kumi na mbili jioni watu wote wakiwa kwenye simu zao.

Usimpe mtu maiki, ishike mwenyewe. Ukiiachia hutaipata tena, na atakayeimiliki ni mwenye sauti kubwa sio mwenye hoja. Anza na mtu ambaye hajajitokeza, yule kasimama nyuma mikono kifuani. Wa mbele watakuja tu.

Waombe viongozi wakae upande wa kusikiliza mwanzoni, wajibu mwishoni. Kiongozi akianza, wengine wote wanapongeza na umepoteza saa nzima.

## Hatua ya 8: Hela, siasa na bahasha

Redio ndogo hailipi vizuri, wengi tunaishi kwa ushereheshaji wa harusi na mikutano, na hakuna ubaya. Weka mipaka tu mapema. Kazi ya nje usiitangaze ndani ya kipindi kama habari. Ikiwa ni tangazo la biashara, lipite idara ya matangazo, lilipiwe stesheni, na msikilizaji ajue ni tangazo. Mgeni akikupa bahasha baada ya mahojiano irudishe pale pale mbele ya mtu mwingine, na umwambie prodyuza wako.

Uchaguzi ukikaribia usishereheshe jukwaa la chama chochote, hata wakilipa mara tatu, kwa sababu wasikilizaji wa upande wa pili hawatapiga tena hata baada ya kura. Na ukitaka kugombea mwenyewe, haya yametokea sana, toka hewani kabla hujatangaza nia.

## Ikiwa miezi mitatu imepita na bado kimya

Usibadilishe kila kitu kwa pamoja. Badilisha saa ya kipindi kwanza, maana pengine wasikilizaji wako wako kazini na hawana ruhusa ya simu. Ikishindikana fungua daftari uhesabu ahadi ulizorudisha hewani na ambazo hukurudisha. Zisizorudishwa zikiwa nyingi, simamisha mada mpya wiki mbili, rudisha zile za zamani zote moja baada ya nyingine kwa kupiga simu kwa walalamikaji wenyewe, ukiwauliza: hali ikoje sasa hivi? Waache waseme hewani, hata wakikulaumu.